Bei ya Kusikika: Somo la Kura za Maoni za West Virginia, 1960

Kila msimu wa kura za maoni ndani ya vyama unapokaribia, mjadala wetu kuhusu fedha katika siasa huanzia na kuishia kwenye bahasha. Tunauliza nani amegawa khanga, nani amelipia usafiri wa wajumbe, nani ameonekana usiku nyumbani kwa katibu wa kata. Maswali hayo ni ya haki na yanastahili majibu. Hata hivyo, miaka ya kufundisha historia ya chaguzi imenishawishi kwamba bahasha ni sehemu moja tu ya habari. Ipo fedha nyingine inayotembea mchana kweupe, yenye risiti na mihuri, ambayo mwanasheria yeyote ataitetea bila kutoka jasho. Fedha hiyo haimnunui mpiga kura. Inanunua nafasi ya kumfikia mpiga kura, na pale ambapo upande mmoja unaweza kuinunua na mwingine hauwezi, uchaguzi huwa umeshaegemea upande kabla masanduku hayajafunguliwa.

Mfano ninaoupenda kuutumia darasani ni uchaguzi wa mchujo wa chama cha Democratic katika jimbo la West Virginia, Marekani, uliofanyika tarehe 10 Mei 1960. Waliochuana ni Seneta John F. Kennedy wa Massachusetts na Seneta Hubert H. Humphrey wa Minnesota. Nauchagua kwa sababu aina zote mbili za fedha, ile ya gizani na ile ya mchana, zilitumika humo bega kwa bega, na kwa sababu waliokuja kuchunguza walitafuta ya kwanza wakaipita ya pili kana kwamba haipo.

Jimbo maskini, kura isiyofunga

West Virginia ni nchi ya milima na makaa ya mawe. Katika muongo uliotangulia uchaguzi huo, mashine zilikuwa zimeingia migodini na kuwatoa watu. Wachimbaji waliokuwa zaidi ya laki moja mwaka 1950 walikuwa wamepungua hadi chini ya elfu hamsini kufikia mwaka 1960. Familia nyingi ziliishi kwa mgao wa chakula cha ziada cha serikali: unga wa mahindi, unga wa maziwa, mchele. Hili ndilo jimbo ambalo wagombea wawili wa urais walikwenda kuliomba kura.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba kura hiyo, kisheria, haikuamua chochote. Mwaka 1960 ni majimbo machache tu, yasiyofika 20, yaliyofanya uchaguzi wa mchujo wa urais; kwingineko wajumbe wa mkutano mkuu walipangwa na vigogo wa chama. Na hata West Virginia, matokeo hayakuwafunga wajumbe wa jimbo. Yalikuwa maoni kwa maana halisi ya neno. Uzito wake ulikuwa mahali pengine. Kennedy alikuwa Mkatoliki, na tangu Al Smith aliposhindwa mwaka 1928, wazee wa chama waliamini kwamba Mkatoliki hawezi kuchaguliwa kuwa rais wa Marekani. Idadi kubwa mno ya wakazi wa West Virginia walikuwa Waprotestanti. Kama Kennedy angeshinda pale, hoja ya dini ingekufa. Kama angeshindwa, wangeshukuru kwa heshima na kumtafuta mtu mwingine.

Mtaalamu wake wa kura za maoni ya wananchi, Louis Harris, alikuwa amemwonyesha mwishoni mwa mwaka 1959 kwamba angeongoza jimboni humo kwa asilimia 70 dhidi ya 30. Kisha ukaja mchujo wa Wisconsin tarehe 5 Aprili, ambapo Kennedy alishinda kwa takriban asilimia 56, lakini magazeti yakachambua matokeo kwa dini, wilaya kwa wilaya. Habari hizo zilipowafikia watu wa West Virginia, mambo yaligeuka. Katika kaunti ya Kanawha, yenye mji mkuu Charleston, sasa Humphrey ndiye aliyeongoza kwa 60 dhidi ya 40. Sera za Kennedy zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni kwamba wapiga kura walikuwa wamejua anasali wapi.

Kennedy alikuwa na wiki tano za kubadilisha fikra za jimbo zima, na swali la kihistoria ni namna alivyoweza.

Pochi mbili

Tuziweke pochi mbili mezani. Humphrey alikuwa mtoto wa mwenye duka la dawa katika tambarare za South Dakota, mtu aliyeiona biashara ya baba yake ikiyumba wakati wa mdororo mkuu wa uchumi. Kennedy alikuwa mtoto wa Joseph P. Kennedy, mmoja wa matajiri wakubwa wa Marekani. Kennedy alisafiri kwa ndege ya familia, Convair iliyopewa jina la binti yake, Caroline. Humphrey alisafiri kwa basi la kukodi. Tangu Wisconsin alikuwa akijifananisha na mwenye duka dogo anayeshindana na kampuni yenye maduka kila mji, na watu waliojua alikotoka walielewa kwamba mfano huo hakuuokota barabarani. Alipofika West Virginia alikuwa tayari na madeni, na maneno yake yakawa makali zaidi: alisema wazi kwamba yeye hana uwezo wa kuzunguka jimbo akiwa na mkoba mweusi na kitabu cha hundi.

Mwandishi Theodore White, aliyefuatana na kampeni hizo na kuziandika katika kitabu chake kuhusu uchaguzi wa mwaka 1960, alikadiria kwamba Humphrey alitumia takriban dola 25,000 kwa kampeni nzima ya West Virginia. Kwa upande wa Kennedy, matumizi ya televisheni peke yake yalikadiriwa kufika dola 34,000. Namwomba msomaji asiupite ulinganisho huu haraka. Kifungu kimoja cha bajeti ya mgombea mmoja kiliizidi bajeti yote ya mwenzake: mabasi, vipeperushi, hoteli, posho za vijana, simu na matangazo.

Pengo hilo halikutokana na utajiri wa Kennedy peke yake. White anasimulia pia jinsi chemchemi za Humphrey zilivyokaushwa. Baadhi ya wafadhili wake walikuwa watu wa New York waliotamani mkutano mkuu umteue Adlai Stevenson, na waliona kwamba kumsaidia Humphrey ni njia ya kumzuia Kennedy. Wapambe wa Kennedy waliwafikishia ujumbe usio na mafumbo: wakiendelea kutoa, Stevenson asahau wadhifa wa Waziri wa Mambo ya Nje katika serikali ijayo. Michango ikapungua. Hivyo fedha haikufanya kazi kwa kumwagwa tu. Ilifanya kazi pia kwa kuzuiwa isimfikie mwingine.

Ni haki kuongeza kwamba Humphrey naye hakuwa yatima wa kisiasa. Seneta Robert Byrd wa West Virginia, aliyemuunga mkono Lyndon Johnson, aliwahimiza watu hadharani kuutumia mchujo ule kumsimamisha Kennedy, na wengi waliomsogelea Humphrey hawakuwa na nia ya kumfanya rais. Alikuwa gogo la kuzibia njia. Lakini hata gogo linahitaji watu wa kulibeba, na wabebaji walikuwa wakiondoka mmoja mmoja.

Kilichonunuliwa kwa dola 34,000

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba televisheni ilimletea Kennedy ushindi kwa sura yake nzuri. Ukitazama kilichorushwa, utaona kwamba fedha ilinunua hoja mbili, nazo zilichaguliwa kwa makini.

Hoja ya kwanza ilikuwa vita. West Virginia ni jimbo lililojivunia sana askari wake. Kampeni ya Kennedy ilirusha filamu ya maisha yake iliyoanza na boti ya kivita ikikata mawimbi, kuwakumbusha watazamaji kwamba nahodha wa PT-109 aliwaokoa mabaharia wake katika Bahari ya Pasifiki mwaka 1943. Ujumbe uliofichika ulikuwa mwepesi kueleweka: hakuna aliyemuuliza dini yake siku ile. Kisha Franklin D. Roosevelt Jr., mtoto wa rais ambaye picha yake bado ilining'inia katika nyumba za wachimbaji, akaletwa jimboni kumnadi Kennedy, na barua zenye sahihi yake zikatumwa kwa wapiga kura kutoka Hyde Park, New York, kijiji cha baba yake. Mtoto huyo wa Roosevelt alikwenda mbali zaidi akamsimanga Humphrey hadharani kwa kutopigana vitani. Ukweli ni kwamba Humphrey alijaribu kujiunga na jeshi akakataliwa kwa sababu za afya. Tuhuma ilisambaa kwa kasi ya fedha. Jibu lilisambaa kwa kasi ya basi.

Hoja ya pili ilikuwa dini yenyewe. Jumapili tarehe 8 Mei, siku mbili kabla ya kura, Kennedy alinunua muda wa televisheni, akakaa na Roosevelt Jr. aliyemuuliza maswali, na akazungumza kwa kirefu juu ya kutenganishwa kwa dini na dola. Alieleza kwamba rais anapokula kiapo anaapa kuilinda katiba, na kwamba akikivunja kiapo hicho kwa ajili ya maslahi ya kanisa lolote, atakuwa ametenda kosa dhidi ya katiba na dhambi mbele ya Mungu. White, ambaye hakuwa mchache wa kuwasifu wanasiasa, aliiona hotuba hiyo kuwa miongoni mwa bora alizowahi kumsikia mgombea akitoa katika televisheni.

Nimeisoma historia hii mara nyingi na sioni namna ya kuibeza hotuba hiyo. Ilikuwa siasa kwa maana yake ya juu: mgombea akiwatazama wananchi wenye shaka naye na kuijibu shaka yao bila kuwatukana. Kwa maana hiyo fedha ya Kennedy ilifanya jambo jema. Ubaya hauko katika kilichosemwa. Uko katika kile ambacho mtu wa upande wa pili hakuweza kukisema kwa kiwango kile kile.

Kwani Humphrey alifanya nini siku hizo hizo? White anasimulia asubuhi moja ambapo kituo cha televisheni kilidai dola 750 taslimu kwa kipindi cha nusu saa kilichokwisha kupangwa. Wasaidizi wake hawakuwa nazo. Humphrey alikasirika, kisha akatulia, akatoa kitabu chake mwenyewe cha hundi na kuandika kiasi hicho, mkewe Muriel akimtazama. Mwandishi alihisi kwamba fedha ile ilitoka ama katika fungu la matumizi ya nyumbani, ama katika akiba ya harusi ya binti yao, iliyokuwa imekaribia.

Na muda wa televisheni alioununua kwa taabu namna hiyo hakuwa na watu wa kuuandaa. Katika kipindi chake cha kupokea simu za watazamaji moja kwa moja, hapakuwa na wa kuzichuja simu kabla hazijamfikia. Bibi mmoja alipiga na kumfokea atoke West Virginia. Simu nyingine, iliyopitia laini ya pamoja ya kijijini, ilikatizwa na opereta akitaka laini iachwe kwa ajili ya dharura. Watazamaji walimwona mtu anayetaka kuiongoza nchi akishindwa kuiongoza simu iliyo mezani kwake. Fedha ya kampeni hununua dakika, lakini pia hununua watu wanaozifanya dakika hizo zionekane za kawaida. Tunapozungumzia gharama za matangazo, hili la pili hatulihesabu mara nyingi.

Mkono mtupu haulambwi

Sasa tuje kwenye bahasha, kwani zilikuwapo. Karatasi ya kura ya West Virginia ilikuwa ndefu kupindukia, ikibeba nafasi za kaunti na za jimbo pamoja na ile ya urais. Mpiga kura wa kawaida hakuweza kuwajua wagombea wote, kwa hiyo vigogo wa kaunti walichapisha orodha za majina yanayopendekezwa, na wapambe wakazigawa karibu na vituo. Kwa vigogo hao, mbio zilizokuwa na maana ni za sherifu na wadhifa wa kaunti. Mgombea urais alikuwa mgeni aliyeombwa achangie gharama za karamu. Anayetaka jina lake liwe katika orodha alichangia. Fedha ikashuka kutoka kwa kigogo hadi kwa mtu wa kituo: madereva wa kuwabeba wapiga kura, wasimamizi, na mara nyingine chupa ndogo ya wiski au dola chache mkononi. Mkono mtupu haulambwi, na hapo mikono yote miwili ilijaribu kutojitokeza mitupu, ila mmoja ulibeba zaidi.

Kisa maarufu ni cha kaunti ya Logan. Raymond Chafin, kigogo wa kambi mojawapo ya Democratic aliyekuwa upande wa Humphrey kabla ya kuhamia kwa Kennedy, aliandika katika kumbukumbu zake miongo mitatu baadaye kwamba alipoulizwa anahitaji kiasi gani alijibu "35", akimaanisha dola 3,500. Kilicholetwa kilikuwa dola 35,000. Tukichukua neno lake, kaunti moja ilipokea fedha zaidi ya zile ambazo Humphrey alizitumia katika jimbo zima.

Tuhuma za kununua kura hazikukosa wachunguzi. Wapelelezi wa serikali kuu walifika, na waandishi wa gazeti la Charleston Gazette walizunguka kaunti kadhaa wakihoji watu. Waandishi hao walikuta uozo wa kutosha katika mbio za nafasi za kaunti, lakini walihitimisha kwamba ushindi wa Kennedy haukununuliwa. Hakuna mashtaka yaliyofunguliwa dhidi ya kampeni yake. Alikuwa ameshinda kwa takriban asilimia 61 dhidi ya 39, na pengo la namna hiyo ni pana mno kuelezwa kwa chupa za wiski. Kennedy mwenyewe alikuwa ameshalifanyia jambo hilo mzaha miaka miwili kabla, kwenye karamu ya waandishi wa habari ya Gridiron mjini Washington mwaka 1958, alipojifanya kusoma simu ya maandishi kutoka kwa baba yake ikimwonya asinunue kura hata moja zaidi ya zinazohitajika, maana mzee hakuwa tayari kulipia ushindi wa kishindo. Ukumbi ulicheka. Mzaha ni njia ya zamani ya kulisema jambo bila kulikiri.

Nakubaliana na hitimisho la waandishi wale. Kura za West Virginia, kwa wingi wake, hazikununuliwa. Lakini hitimisho hilo linajibu swali moja tu. Wachunguzi waliuliza: je, mpiga kura alilipwa? Hawakuuliza: je, mpiga kura aliwasikia wote wawili?

Sheria iliyolinda bei

Na kwa nini wangeuliza? Sheria haikuwapa sababu. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1925 iliyohusu matumizi ya uchaguzi iliziacha nje chaguzi za mchujo. Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1934, katika kifungu chake cha 315, ilikitaka kituo cha utangazaji kinachompa au kumuuzia mgombea mmoja muda kiwape wapinzani wake fursa sawa. Kwa mtu anayesoma haraka, hiyo ni haki kamili. Kwa vitendo, maana yake ilikuwa kwamba Kennedy aliponunua nusu saa, Humphrey alikuwa na haki ya kununua nusu saa kwa masharti yale yale. Sheria ililinda usawa wa bei. Uwezo wa kuilipa bei hiyo ilimwachia kila mtu na baba yake.

Ulinganisho mzuri uko katika tukio la tarehe 4 Mei. Siku hiyo wagombea wote wawili walikutana studioni Charleston kwa mdahalo wa televisheni, na hakuna aliyehitaji kitabu cha hundi ili azungumze. Kennedy alionyesha vyakula vya mgao wa serikali waliopewa maskini wa jimbo hilo ili kuonyesha jinsi kilivyo duni. Humphrey, msemaji hodari aliyeutikisa mkutano mkuu wa chama mwaka 1948 kwa hotuba ya haki za raia, alikuwa na dakika sawa na za mpinzani wake. Hakumshambulia kwa ukali, na mtu anaweza kusema aliipoteza nafasi. Sawa. Lakini aliipoteza mwenyewe, mbele ya wananchi. Kushindwa kwa namna hiyo ni sehemu ya demokrasia. Kushindwa kwa sababu kituo kinadai dola 750 taslimu ni jambo la aina nyingine.

Usiku wa tarehe 10 Mei Humphrey alitangaza kujiondoa katika mbio za urais. Mkutano mkuu wa Julai ulimteua Kennedy, na Novemba akachaguliwa. Lazima nitaje pia kwamba hakuwasahau wale aliowaona. Siku yake ya kwanza kamili madarakani, tarehe 21 Januari 1961, alitia sahihi amri ya kuongeza mgao wa chakula kwa familia maskini, na mwaka huo huo majaribio ya stempu za chakula yakaanzia kaunti ya McDowell, West Virginia. Fedha ilimpeleka jimboni, na jimbo likamfundisha kitu.

Pochi hiyo hiyo na Afrika Mashariki

Pochi ile ilitufikia hata sisi, ndani ya kampeni hiyo hiyo. Julai 1960, miezi miwili na nusu baada ya West Virginia, Tom Mboya alimtembelea Kennedy huko Hyannis Port kuomba msaada wa kuwasafirisha wanafunzi wa Afrika Mashariki waliopata nafasi katika vyuo vya Marekani. Wakfu wa familia ya Kennedy uliahidi dola 100,000, yaani takriban mara nne ya kampeni nzima ya Humphrey kule milimani. Kambi ya Makamu wa Rais Richard Nixon ilipopata habari, Wizara ya Mambo ya Nje ikajitokeza na ahadi ya kiasi hicho hicho, na mwezi Agosti Seneta Hugh Scott akamshutumu Kennedy mbele ya Seneti kwa kutumia fedha za wakfu usiotozwa kodi kwa manufaa ya kisiasa. Ndege ziliruka Septemba. Miongoni mwa waliosafiri mwaka huo alikuwa msichana kutoka Nyeri ambaye dunia ingemjua baadaye kama Wangari Maathai.

Kisa hiki nakileta kwa sababu kinatuzuia tusiwe na majibu mepesi. Fedha ya kisiasa inaweza kuzaa matunda ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeyakataa. Ukarimu wake ni wa kweli, na hesabu yake ya kura ni ya kweli pia. Hicho ndicho kinachoifanya iwe ngumu kudhibitiwa kuliko bahasha.

Dari na sakafu

Aliyelitambua tatizo hilo mapema ni mshindi mwenyewe. Mwaka 1961 Rais Kennedy aliunda tume kuhusu gharama za kampeni chini ya Alexander Heard, mtaalamu wa sayansi ya siasa. Ripoti yake ya mwaka 1962 ilipendekeza uwazi wa mapato na matumizi pamoja na unafuu wa kodi kwa wachangiaji. Bunge liliiweka kando. Ilibidi ije sheria ya mwaka 1971, kisha kashfa ya Watergate na marekebisho ya mwaka 1974, ndipo Marekani ijaribu mambo mawili kwa pamoja: dari ya matumizi, na ruzuku ya umma kwa wagombea urais wa mchujo waliochangiwa kiasi kidogo kidogo na watu wengi.

Mwaka 1976, katika shauri la Buckley dhidi ya Valeo, Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliiondoa dari kwa hoja kwamba kuzuia matumizi ni kuzuia usemi. Ilibaki tu kwa wale waliokubali ruzuku kwa hiari. Hata hao walijifunza ujanja: katika mchujo wa New Hampshire walilala hoteli za jimbo jirani na kununua matangazo ya televisheni za Boston ili gharama zisihesabiwe New Hampshire. Mwaka 2000 George W. Bush aliikataa ruzuku ya mchujo kwa sababu angeweza kukusanya zaidi bila masharti yake, na baada yake wagombea wakubwa wakaiacha mmoja baada ya mwingine. Uamuzi wa mwaka 2010 katika shauri la Citizens United ulifungua mlango uliokuwa umebaki.

Kuna watakaonikumbusha Michael Bloomberg, aliyemwaga zaidi ya dola bilioni moja za kwake katika mchujo wa mwaka 2020, zaidi ya nusu yake kwa matangazo, akaambulia ushindi katika eneo la American Samoa pekee. Mfano huo ni mzuri, na unaunga mkono ninachosema. Matangazo yalimwinua Bloomberg kwa wiki kadhaa. Alianguka tarehe 19 Februari 2020 mjini Las Vegas, aliposimama kwenye jukwaa la mdahalo mbele ya wapinzani wenye dakika zisizouzwa.

Kwetu Tanzania tumepiga hatua zetu. Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu vya takrima mwaka 2006, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 imeweka ukomo wa matumizi na kuugusa hata mchakato wa uteuzi ndani ya vyama. Hizo ni dari, nazo ni za lazima. Lakini dari humzuia aliye juu asipae zaidi. Haimsaidii aliye chini kusimama. Laiti Kennedy angewekewa ukomo wa dola 34,000 za televisheni, Humphrey angebaki pale pale, akiandika hundi ya harusi ya mwanawe.

Kinachokosekana ni sakafu: kiwango cha chini cha kusikika ambacho kila mgombea aliyepitishwa anakipata bila kuulizwa baba yake ni nani. Midahalo ya lazima katika kura za maoni za vyama, dakika za bure katika redio zinazoendeshwa kwa kodi ya wananchi, nakala za vipeperushi zilizolipiwa na chama kwa usawa. Hayo hayahitaji utajiri. Yanahitaji kanuni na mtu wa kuzisimamia. Wanafunzi wangu huniuliza mara kwa mara kama jambo hilo halitawanufaisha wagombea dhaifu. Huwajibu kwamba litawanufaisha wapiga kura, kwa kuwapa nafasi ya kujua nani ni dhaifu na nani alikosa tu nauli ya kufika kwenye kipaza sauti.